Hadithi ya babu na mhuri wa 1920

Jumamosi asubuhi nipo gereji nafagia, jirani yangu wa nyumba ya tatu akaja na boksi la viatu kalikumbatia kama mtu aliyebeba kuku wa kienyeji anayeogopa asimtoroke. Mzee huyu ni dereva wa malori mstaafu, ana miaka sabini na kitu, mpole, theluji ikianguka ndo yeye anayenisaidia kusukuma gari. Akaniuliza, eti kweli we unazijua hizi silaha za zamani? Nikamwambia kidogo. Akaweka boksi juu ya meza, akafunua, ndani kuna kifuko cha ngozi kimekauka kama papa wa chumvi, na ndani ya kifuko kuna bastola. Hata kabla hajaitoa nilishajua ni kitu gani maana mpini wake haufanani na wa bastola nyingine, umelala kwa nyuma kama mkono wa mtu anayekuelekeza njia. Luger. P.08. Ile ambayo kwenye sinema za vita kila afande mbaya lazima awe nayo.

Kwa ambao hatujuani, mi ni mtu wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, kazi yangu ni fundi wa mashine za kukata chuma, yaani siku nzima kalipa, kile kipimo cha upana, mkononi. Ugonjwa huu wa silaha za kale ulinianza nikiwa shule ya msingi, tulipelekwa Mombasa kutembea na pale Fort Jesus kuna mzinga wa manowari ya Kijerumani, Königsberg, ile iliyojificha kwenye delta ya Rufiji mpaka Waingereza wakaimaliza Julai 1915, mabaharia wakarudi kuing'oa mizinga wakaiburuta nchi kavu kwenda kupigana nayo upya. Wenzangu wanagombania kupigwa picha, mi nimeganda nasoma alama zilizogongwa kwenye chuma. Nilipokuja huku nikakuta vitu vya namna ile watu wanavyo kabatini, wanauziana kwenye maonyesho wikiendi kama sie tunavyouziana mitumba, basi nikachukua na leseni ya wakusanyaji, dola 30 kwa miaka mitatu, ni ya silaha zenye umri wa miaka 50 kwenda juu. Mke wangu hataki hata kusikia, anasema majini tuliyoyaacha Tanga yalitutosha.

Haya turudi gereji.

Kabla ya bei, kabla ya hadithi, unahakikisha haina risasi, na mzee mwenyewe hakuwa na uhakika maana alisema haijaguswa tangu mama yake afariki. Nikatoa magazini, kile kisanduku cha risasi cha kwenye mpini, nikavuta goti juu, nikamulika chemba, pale risasi inapokaa, kwa tochi, nikaingiza na kidole kidogo. Tupu. Naita goti kwa sababu Luger haina kile kipande cha juu kinachoteleza mbele na nyuma kama bastola za leo, ina kiungo kinachokunjika kwenda juu, na Wajerumani wenyewe wanakiita kiungo cha goti. Juu ya chemba kuna kidude chembamba kinachovuta ganda, risasi ikiwemo kinanyanyuka na upande wake wa kushoto unasoma neno GELADEN, yaani imejazwa. Ila usiliamini neno, amini kidole chako. Na kuna mtego mmoja kwenye hii bastola ambao umeshaumiza watu, ukiifungua ile sehemu ya juu na mtutu ukaitoa kwenye fremu, huku risasi imebaki chemba, bado inaweza kufyatuka bila triga, unagusa tu kile kichuma cha pembeni paa! Kishikeni hicho kichuma cha pembeni, tutakirudia.

Nikamwambia mzee haya nisimulie.

Hadithi ya familia yao ni kwamba babu yake alikuwa Ufaransa na jeshi la Marekani mwaka 1918, kwenye msitu wa Argonne, akamkuta afisa wa Kijerumani handakini, wakaangaliana, afisa akasalimu amri akamkabidhi bastola. Mzee anaisimulia vizuri, na mikono anatumia, unaona kabisa ameisikia kila mwaka mezani na sasa anawasimulia wajukuu. Mi nasikiliza huku nimeshikilia lensi, na hapo ndo pagumu pa hii kazi, maana mtu akikuletea kitu cha babu yake hajakuletea chuma peke yake. Wale wazee niliojifunza kwao huku wana neno lao, nunua bastola usinunue hadithi. Ni neno zuri ukiwa mnunuzi. Ukiwa jirani unalimeza.

Sasa wakusanyaji wanaangalia nini. Watu wengi wanadhani ni ung'aavu, kitu kikimeremeta ndo bei. Sivyo kabisa. Cha kwanza ni namba. Luger ilitengenezwa kipindi ambacho kila kipande kilinyooshwa kwa tupa ya fundi kikae na mwenzake, kwa hiyo vipande viligongwa namba visichanganyike. Namba nzima iko mbele kwenye fremu, iko upande wa kushoto wa mwili wa juu, iko chini ya mtutu, halafu tarakimu mbili za mwisho ziko kwenye vidude vidogo kibao, triga, sefti (kile cha kuifunga isifyatuke), kifuniko cha pembeni, vipande vya goti, hata mbao za mpini ukizifungua ziko kwa ndani. Zikifanana zote una bastola iliyotoka kiwandani pamoja na imezeeka pamoja. Zisipofanana una mseto, mtu kaunga unga, na mseto ni mzuri kwa kwenda kupigia shabaha lakini mkusanyaji ataushika dakika moja ataurudisha mezani. Tena zile za jeshi la Mjerumani kila mwaka walianza kuhesabu upya kutoka moja, zikifika elfu kumi wanaongeza herufi a, zikifika tena elfu kumi b, wanaendelea hivo hivo, kwa hiyo mtu akinitumia namba tupu bila mwaka na bila ile herufi ndogo chini yake hajanitumia kitu.

Ya mzee inaishia na 47. Nikaanza kuzitafuta 47 moja moja na lensi, nikizipata namwonyesha, mzee akaanza kufurahi kama tunacheza bahati nasibu. Triga 47. Sefti 47. Kifuniko cha pembeni 47. Goti la mbele na la nyuma 47. Mbao za mpini, nikachukua bisibisi inayokaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu (wengi wanaharibu skrubu hapa halafu wanashangaa bei inashuka), nikafungua, 47 kulia na kushoto. Pini ya kupigia risasi tu ndo ina namba nyingine, na hiyo nilimwambia asijali sana, pini zinavunjika, wenye silaha waliwahi kuibadilisha zamani. Na magazini. Magazini siyo yake. Hizi za vita ya kwanza kitako cha magazini ni cha mbao, kina viduara vilivyochongwa pembeni na namba imegongwa chini, na kila askari alikuwa na ya akiba ambayo waliigonga alama ya kujumlisha. Ya mzee kitako ni cha aluminiamu na namba haihusiani. Kitako cha aluminiamu siyo cha 1918 ndugu zangu, hicho kilikuja baadaye, nikalinyamazia hilo nikaliweka moyoni.

Juu ya goti kuna herufi tatu zimesokotana kama ukindu, D na W na M, ile kampuni ya Berlin iliyotengeneza nyingi sana. Mwingine aliyetengeneza wakati wa vita ya kwanza ni karakana ya serikali ya Erfurt, hizo zina taji na neno Erfurt. Chini ya mtutu nikakuta 8,83, huo ni upana wa tundu kwa milimita jinsi fundi alivyolipima siku hiyo, na tai mdogo wa ukaguzi. Mi vitu kama hivi vinaniua, yaani kuna mtu alisimama na kipimo mwaka ule, akaona 8,83 siyo 8,82, akagonga. Mi ningekuwa yeye. Nimejisahau.

Basi nikageuza bastola niangalie juu ya chemba, sehemu wanayoandika mwaka.

1917. Na juu ya 1917 kuna 1920.

Nikanyamaza. Mzee akaniuliza vipi, mbona umenuna. Nikamwambia mzee wangu subiri kwanza nihakikishe. Nikasogea dirishani, nikaitazama tena na lensi, mgongo nimeukunja, na ilikuwa ni yenyewe, mhuri halali wala haujachezewa.

Niwaeleze maana ya hii 1920. Vita iliisha Novemba 1918, mkataba wa Versailles mwaka 1919 ukawabana Wajerumani, jeshi lisizidi watu laki moja, silaha zihesabiwe. Nchi nzima ilikuwa imejaa silaha, askari wamerudi nazo nyumbani, watu wanazificha darini. Serikali ikawa inazikusanya kwa raia, sasa ili isijichanganye na zile zinazokusanywa wakagonga 1920 kwenye silaha halali za serikali, za jeshi na za polisi. Siyo mwaka wa kutengenezwa, ni mhuri wa mwenye mali. Wakusanyaji wanaziita za miaka miwili na zinapendwa. Lakini fikirieni, bastola iliyogongwa mhuri Ujerumani mwaka 1920 haiwezi ikawa mkononi mwa babu wa mtu Argonne mwaka 1918 na kwenye sanduku lake Ohio mwaka 1919. Haiwezekani. Chuma kimekataa.

Na hakikukataa mara moja tu. Kile kichuma cha pembeni nilichowaambia mkishike, juu ya kifuniko cha kushoto kwenye bastola ya mzee pana kijibapa chembamba cha chuma kama ulimi wa filimbi, mzee alidhani ni kitu kiliongezwa na fundi wa mtaani. Hapana. Hiyo ni sefti ya ziada ambayo polisi wa Kijerumani waliwekewa kwenye Luger zao miaka ya 1930, kwa sababu ya ule ule mtego, polisi walikuwa wanafungua kusafisha na risasi iko chemba wanajipiga. Kijibapa kinazuia kichuma kisibonyezeke mpaka kifuniko kiwe mahali pake. Wengi baadaye walikitoa, kikaacha kitundu, kwa hiyo ukiikuta bado ipo ni jambo la kushukuru. Tena mbele ya mpini, pale vidole vinaposhika, zimegongwa herufi S.D. na namba. Hapo mzee akachangamka tena, akasema shemeji yake alimwambia hizo ni alama za usalama wa taifa wa Hitler na kuna mtu kwenye mtandao anauza ya namna hiyo bei ya gari. Nikacheka. Wauzaji wanaipenda sana hiyo. S ni Schutzpolizei, polisi wa kawaida wanaovaa sare wanaozunguka mtaani, na D ni Düsseldorf, mkoa wao. Yaani ni bastola ya polisi wa doria, anayekimbizana na wezi wa baiskeli. Mwenye kununua kwa bei ya Hitler amenunua bastola ya trafiki.

Kwa hiyo ndani ya nusu saa nimemuulia mzee babu yake na nimemuulia na shemeji yake. Sijisikii vizuri hata kidogo. Akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, akaniuliza, sasa babu alidanganya? Nikamwambia sijui mzee wangu, mi chuma kinaniambia ilikuwa wapi, hakiniambii aliyoyasema mtu mezani. Nikamuuliza, baba yako je, alikuwa vitani? Akasema ndio, ya pili, aliingia Ujerumani mwaka 1945. Alisimulia nini? Akasema hakuna. Baba hakusema kitu mpaka anakufa, ukimuuliza anatoka nje kwenda kukata majani. Nikamwambia nenda kaangalie karatasi za zamani za mzee wako, hasa za jeshi, hata kama ni kikaratasi kidogo kimechakaa usikitupe. Akaondoka.

Wakati tunamsubiri nimalizie habari za hali ya chuma maana huko ndo bei inakokufa. Hii bastola imekaa miaka mingi ndani ya kifuko cha ngozi, watu wanadhani ndo kuitunza, kumbe ngozi inavuta unyevu na dawa walizotumia kuisindika zinakula chuma pole pole. Upande wa kushoto, uliolalia ngozi, una vishimo vishimo kama ndui. Afu kuna mtu wa familia, sitamtaja na hata mzee hakutaka kumtaja, aliona kutu akachukua stiliwaya akasugua. Aisee. Luger za zamani zilipata ile rangi nyeusi ya kibluu kwa kutiwa kutu makusudi, wanaichemsha, wanaipiga brashi, wanarudia tena na tena, ni rangi nyororo nene ambayo leo ukitaka mtu akufanyie vile vile atakutoza mshahara. Na vidude vidogo kama triga na sefti vilichomwa moto mpaka vikawa na rangi ya nyasi kavu, kama asali iliyochujwa. Kwa mzee triga bado ina hiyo asali pembeni, raha tupu, ila ubavuni palipopita stiliwaya pamebaki peupe kama sufuria. Ukikuta kutu weka mafuta mepesi, acha siku mbili tatu, futa na kitambaa cha pamba, rudia, basi. Ile kahawia inayobaki ndo umri wake na wanunuzi wanailipia. Na usimpelekee fundi aipake rangi upya, ukiipaka upya kwa wengi umekata karibu nusu ya bei, utaiona tu, kingo za herufi zimelainika kama sabuni iliyotumika na hata vidude vya asali vimekuwa vyeusi. Wenye macho wanaliona hilo wakiwa mlangoni.

Ndani ya mtutu nilimulika, mifereji ipo, mikali, ila giza. Hiyo kawaida. Risasi za wakati ule baruti ya kuwashia ilikuwa inaacha chumvi, na chumvi na unyevu sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa, angalia tu mabati ya Ngamiani kule Tanga.

Jambo jingine watu wanaliboronga ni hili neno antiki. Kwa sheria ya hapa Marekani antiki ni silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Hii ya 1917 pamoja na uzee wake wote siyo antiki, ni silaha kamili na inauzwa kwa utaratibu wa silaha. Kuna watu wameingia matatani kwa kudhani kitu cha babu hakina sheria.

Na hili linanileta kwa nyie wa nyumbani mnaonijazia inboksi. Najua kila mkoa Tanzania una mtu anayetafuta mali ya Mjerumani. Wengine wanachimba chini ya mibuyu, wengine wana ramani, wengine wameuziwa rupia za dhahabu za Tabora zenye tembo, zile za 1916 za rupia 15 zilizogongwa kwenye karakana ya reli, ambazo za kweli zipo na ni ghali ila mliyonitumia picha ni ya shaba na tembo kama nguruwe, poleni. Mwaka jana mmoja akaniandikia ana bastola ya mabaharia wa Königsberg, babu yake aliificha Rufiji, anataka dola elfu hamsini. Nikamwambia nitumie picha. Luger za jeshi la majini la Mjerumani unazijua, mtutu ni milimita 150 badala ya 100 za jeshi la nchi kavu, na kile kidude cha nyuma cha kulengea shabaha kina sehemu mbili, ya mita 100 na ya 200. Picha ikaja. Ni revolva, tena ya Kiingereza, Webley, imeandikwa kabisa ubavuni. Nayo ina historia yake maana jeshi la Mwingereza lilizunguka na Webley nchi nzima likimkimbiza Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, mpaka akasalimu amri Abercorn, Mbala ya leo kule Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya. Lakini baharia wa Kijerumani aliifikiaje, hilo mwenyewe hakuwa nalo jibu.

Kubwa kuliko bei ni kwamba kwa Tanzania na Kenya hakuna leseni ya "nilirithi". Silaha ni silaha, iwe ya 1914 iwe ya jana, ukikutwa nayo bila kibali unajieleza mahakamani na wala hakimu hatakuuliza kama namba zinafanana. Kama kweli babu aliacha kitu darini, usikibebe kwenye mfuko wa rambo kwenda nacho kituoni, nenda mikono mitupu, na mwenyekiti wa mtaa kama unaogopa, ueleze, wao waje wachukue. Na serikali huwa inatoa vipindi vya msamaha vya kusalimisha kwa hiari, vitumieni. Mi sinunui, sisafirishi, siunganishi na mnunuzi. Naomba liishe hapa.

Mzee akarudi Jumapili jioni, baada ya kanisa, bado kavaa shati la kanisani. Safari hii hana boksi, ana bahasha ya kaki. Akasema ilikuwa kwenye Biblia ya mama, siyo ya baba. Ndani kuna karatasi moja imekunjwa mara nne, imepigwa taipu, ile taipu ya zamani ambayo herufi o inatoboa karatasi. Ni kibali cha jeshi cha askari kumiliki nyara, wamarekani walipewa mwaka 1945 ili waweze kuondoka na vitu walivyoteka, afisa anasaini kwamba kimepatikana kihalali. Jina la baba yake. Mwaka 1945. Halafu mstari wa kitu chenyewe: bastola moja, ya Kijerumani, na namba.

Nikamwambia mzee nisomee pole pole. Mi nikashika bastola na lensi, yeye anasoma tarakimu moja, mi naitafuta, naitikia. Ya kwanza. Ndio. Ya pili. Ndio. Nne. Ndio. Saba.

Hakusema kitu kwa muda.

Nilimpa bei kama nilivyomwahidi, kwa ninavyoona minadani na kwenye maonyesho huku, bila karatasi hii ingeenda alfu moja na mia tano kupanda kidogo, kwa sababu ya vishimo, ile stiliwaya na magazini isiyo yake, ingawa ile sefti ya polisi ikiwepo inasaidia. Na karatasi yenye namba ile ile, hapo mnunuzi mwingine anaongeza mia kadhaa na wengine zaidi, maana hadithi ziko tele ila karatasi inayotaja namba ya chuma chenyewe hazipatikani. Nikamwambia ukiuza uza pamoja, usije ukatenganisha, na usiipige plastiki ile ya joto, tafuta bahasha isiyo na asidi.

Akaniuliza kama ni lazima auze. Nikamwambia hapana mzee, nani kasema.

Akaanza kunisimulia habari za baba yake, lakini siyo vita, anamsimulia alivyokuwa anakata majani. Kwamba alikuwa anakata hata yale yaliyokatwa jana. Kwamba babu ndo alikuwa msemaji, mcheshi, ndiye aliyekaa kichwani mwa meza, na labda siku moja mtoto mdogo aliuliza ile bastola ya nani, baba akanyamaza, babu akaijaza ile nafasi. Hajui. Anahisi tu. Mi pia sijui, nilikuwa nafuta mafuta kwenye goti nikaacha aongee.

Tukaifunga bastola kwenye kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta. Kifuko cha ngozi nikamwambia kikae peke yake, chumba kingine kabisa, wasionane. Karatasi akairudisha kwenye Biblia ya mama yake. Alipofika barabarani akageuka akaniuliza, ile namba nyingine kwenye pini, inaweza kupatikana pini yenye 47? Nikamwambia inaweza mzee, kuna watu wanazo madebe madebe, ila hiyo 47 itakuwa ya bastola nyingine. Akafikiri kidogo, akasema basi iache.